Unga wa Majani ya Mpera

Arua, 11 Februari 2024

Baba mdogo Swadiki,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itawakuta wewe na Mama mdogo Kiden mkiwa wazima huko Abuku. Sisi huku tupo. Jua ni kali, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, na umeme unakuja unapotaka wenyewe. Mama anawasalimu sana, mguu wake umepona na amerudi sokoni. Mwanao Obeti alipita hapa Ijumaa akielekea Vurra. Amepata kazi ya kupakia malori yanayovuka kwenda Congo. Alikula wali wote tuliokuwa nao, akasema ugali wa mpakani haushibishi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua mizinga ya jeshi ilikuachia macho ikachukua masikio, na simu kwako ni kitu cha kuangalia saa tu. Drani amekubali kubeba barua zetu kwenye gari lake kila anapokwenda Koboko.

Majani ya mpera mliyompa yalifika salama. Niliyaosha, nikayakausha kivulini, nikayachemsha kama mtu anayepika chai, nikachuja. Maji yale ya kahawia niliyachanganya na chumvi ya zinki, nikakoroga juu ya moto mdogo mpaka yakawa uji mzito, kisha nikauchoma uji huo kwenye tanuri la maabara. Kilichobaki ni unga mweupe wenye umanjano kidogo. Chembe zake ni ndogo mno, darubini yetu haizioni, ilibidi tupeleke unga Kampala ukapigwe picha. Wengine hutengeneza unga kama huu kwa kemikali kali ambazo baadaye hazina pa kumwagwa. Sisi tumetumia majani ya nyuma ya jiko lako, na hiyo ndiyo kazi yangu yote ya shahada ya pili.

Unga huu ni kichocheo. Ukiutia kwenye maji machafu na kuyaweka juani, unausaidia mwanga wa jua kuuvunja uchafu ule vipande vipande, na wenyewe unabaki vilevile. Jumanne niliutia kwenye maji ya rangi ya buluu, nikayaweka nje, nikaenda kuswali adhuhuri. Baadaye niliporudi kuyaangalia, buluu ilikuwa imekwisha. Nilipiga kelele. Dokta Kasereka, mwalimu anayenisimamia, alikuja mbio akidhani nimeungua.

Ninawatumia chupa ndogo ya unga huo ili mwone mpera wenu umekuwa nini. Ni yenu.

Je, chemchemi yenu bado inanuka dawa ya kuulia wadudu wa nyanya? Nikimaliza na rangi nitaijaribu dawa hiyo. Kwa kweli ni harufu ile iliyonifanya nianze kazi hii.

Mwanao,
Rashida


Abuku, 25 Februari 2024

Mwanangu Rashida,

Waalaykum salaam. Hapa tuko, tunamshukuru Mungu. Mihogo imekauka upande wa barabara, upande wa bondeni iko vizuri. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Kaka wa mama yako mdogo amekuja kutoka ng'ambo ya Sudani na watu wake, wamekaa wiki, wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa tena.

Chupa imefika. Kiden ameiweka juu ya kabati, karibu na picha yangu ya kambini. Kila mgeni anaonyeshwa. Anasema, "Angalia, hii iko majani ya mpera. Mutoto yetu amepika." Watu wanashika, wanatikisa, wanarudisha.

Umeuliza habari ya chemchemi. Inanuka. Constantino amepanua shamba lake la nyanya mpaka juu kabisa ya chemchemi. Vijana wake wanapiga dawa asubuhi, halafu wanaosha matangi palepale juu, na yale maji yanashuka kwetu. Tulikwenda wazee kumwona. Alitupa viti, alitupa soda, alisema atawaambia vijana. Hakuwaambia. Sasa wanawake wote wanakwenda bomba la shule, kule mbali. Goti la Kiden limevimba. Anakwenda asubuhi, anarudi jua iko juu, analala na maumivu. Mimi nabeba siku nyingine, lakini mgongo wangu unaujua uzito huo.

Sasa nakuuliza swali moja, unijibu vizuri. Unga huu ukitiwa kwenye maji ya chemchemi, utaondoa ile dawa? Na unatiwa kiasi gani?

Baba yako mdogo,
Swadiki


Arua, 19 Machi 2024

Baba mdogo,

Ramadhani njema. Nisamehe kwa kuchelewa. Maabara imenimeza. Nafuturu kwa chai na andazi hukuhuku, na usiku nalala kama gogo. Mama hajambo. Mpe Mama mdogo pole nyingi kwa goti lake. Namtumia dawa ya kuchua, Drani anayo.

Kazi inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyopita nilinunua dawa ileile ya nyanya dukani, nikaichanganya na maji, nikatia unga wetu, nikaweka juani. Harufu imekwisha, Baba mdogo! Nilimpa Dokta Kasereka anuse, akanusa, akanusa tena, akacheka. Anasema kazi hii inaweza kusomwa mbele ya wataalamu huko Kampala, na kwamba kwa mara ya kwanza ameona mwanafunzi wa hapa akifanya kitu ambacho watu wa nje watauliza kimefanywaje. Nimetuma maji yale yapimwe kwa mashine kubwa ambayo sisi hatuna. Majibu bado.

Umeuliza kama unga utaondoa dawa kwenye maji. Naamini utaondoa. Kiasi bado nakitafuta, tusubiri kidogo. Lakini mwanga nauona.

Niombeeni.

Rashida


Abuku, 14 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi imepita vizuri. Tulichinja jogoo wawili. Obeti alikuja na nguo mpya, alirudi Vurra kesho yake. Wakristo jirani walikuja kula, na Kiden alikaa katikati kama bibi harusi, maana ni yeye aliyepika, na ni yeye ambaye hakufunga hata siku moja. Kila mwaka namwambia atakuja kufunga akizeeka. Anasema bado iko kijana.

Dawa ya kuchua imefika, asante. Lakini goti sasa liko vizuri kwa sababu nyingine. Kiden haendi tena bomba la mbali. Barua yako nilimsomea, na sote tulifurahi. Maji ya hapa karibu hayanuki tena ndani ya mtungi. Kiden anasema, "Swadiki, maji hii iko tamu." Prossy, jirani yetu, ameomba kidogo na yeye, nimempa kijiko cha unga.

Chupa inakaribia kuisha. Ukipata nyingine, mpe Drani.

Swadiki


Abuku, 26 Mei 2024

Rashida,

Salaam. Mimi iko hai.

Ulikuja mazikoni, nilikuona. Ulikaa na wanawake, ulishika mkono wangu, na jioni hiyohiyo ulirudi Arua. Uso wako haukuwa uso wa mtu anayelia tu. Nimekaa jeshini miaka mingi, uso wa mtu anayejua kitu naujua.

Sikuweza kukueleza pale, watu walikuwa wengi. Ndugu zake walitaka katekista asome, mimi nilikubali. Kiden hakubadili dini yake kwa ajili yangu alipokuwa hai, kwa nini nimbadilishe akiwa kimya? Alisomewa, kaburi likafunikwa, sheikh akaja nyumbani akatupa pole. Watu walisema mazishi yalikuwa mazuri. Mimi sikusikia neno hata moja.

Sasa nakueleza. Asubuhi ile alitoka kulima karanga, akarudi na kiu. Alikunywa vikombe kwa vikombe kutoka kwenye mtungi, akiwa amesimama. Baada ya muda alisema tumbo linamkata. Nikadhani ni njaa. Halafu jasho likaanza kumtoka, jingi, nguo ikalowa kama ametoka mtoni. Mate yanatoka, machozi yanatoka, mikono inatetemeka. Macho yake, ile nyeusi ya katikati, imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alikuwa ananiambia kitu, na mimi naangalia mdomo wake na siwezi kukielewa. Tulimweka kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Muuguzi wa zahanati alimwangalia macho, akaniandikia kwenye mkono wangu mwenyewe kwa kalamu: AMEKUNYWA DAWA YA SHAMBA? Nikamwambia hapana. Nikamwambia hapana tena. Alikufa kabla gari la kutupeleka Koboko mjini halijafika.

Mimi nilikuwa nimekunywa kidogo asubuhi hiyo. Nilitapika siku mbili, nikapona.

Obeti ameniambia kwamba siku ile vijana wa Constantino walimwaga matangi mazima juu ya chemchemi, dawa ilikuwa imeharibika. Sawa. Lakini ule mtungi nilikuwa nimetia unga. Nilitia mwenyewe, nikakoroga mwenyewe, nikamwambia kunywa.

Niambie sasa. Usiniandikie kama mtoto anayemwandikia mzee.

Swadiki


Arua, 2 Juni 2024

Baba mdogo,

Salaam. Mama anakulilia kila siku. Sina habari nyingine ya nyumbani.

Kabla ya yote, mwambie Prossy amwage maji yake leo, na unga uliobaki aufunge kwenye mfuko anipe mimi. Mtu yeyote asinywe maji ya chemchemi, yenye unga au yasiyo na unga. Hata kuyachemsha hakusaidii. Hili nimempigia Obeti simu, ameniambia atakuja nyumbani leo, lakini naliandika pia ili ulisome mwenyewe.

Sasa nakujibu.

Unga ule unafanya kazi juani tu. Ndani ya nyumba, kwenye mtungi wenye kifuniko, haufanyi chochote, unakaa chini kama jivu. Hilo nililijua tangu mwanzo, na niliandika neno jua kwenye barua kana kwamba kila mtu anajua uzito wake. Harufu ya ndani ya mtungi nadhani iliondoka kwa sababu mtungi wa udongo hunyonya, au kwa sababu wiki zile hawakupiga dawa sana. Sijui.

Na hata juani haukutosha. Majibu ya Kampala yalisema kwamba unga umeivunja dawa ile nusu njia tu. Dawa za namna hii zikivunjwa nusu, kipande cha kwanza kinachotoka ni kikali kuliko dawa yenyewe. Hakinuki, na macho hayakioni. Ile rangi ya buluu ilinidanganya. Rangi ikiondoka unaona imeondoka, sumu haikuonyeshi kitu.

Majibu hayo yalinifikia tarehe kumi na saba Aprili.

Barua yako ya Idi ilikuwa bado haijanifikia. Gari la Drani lilikuwa gereji Koboko, na barua ilikuwa chini ya kiti chake. Aliniletea siku ileile Obeti aliponipigia simu ya msiba, nikaisoma nikiwa tayari nimevaa nguo za msibani. Njia nzima nilikuwa nayo kwenye pochi. Ndiyo maana uliuona uso ule.

Lakini hata bila barua yako nilikuwa na swali lako la Februari. Ulikuwa umeniuliza wazi. Nilipopata majibu nilimpelekea Dokta Kasereka. Alisema, "Usimwambie mtu bado. Turudie kwanza, pengine tumekosea kipimo." Nikarudia. Nikakaa na majibu yale mezani karibu mwezi, na kila siku nilijiambia kesho nitamwandikia Baba mdogo. Sikutaka kukuandikia kwamba mpera wenu haukuwa kitu. Mama mdogo alikuwa ameiweka chupa karibu na picha yako.

Umeniuliza kama ni unga. Kwa matangi yale yaliyomwagwa siku ile, nadhani maji yangeua bila unga, na ndani ya mtungi ule unga haukuongeza wala kupunguza. Nadhani, siwezi kuapa. Ninachokijua ni kwamba bila barua yangu ya Machi angekuwa bado anakwenda bomba la shule.

Dokta Kasereka anataka sura ya dawa ya nyanya niitoe kwenye tasnifu yangu, nibakishe rangi ya buluu. Kwa rangi peke yake ningefaulu mwezi wa nane. Nimemwambia sitaitoa. Hajakasirika. Alivua miwani akasema kwamba basi itabidi nianze upya vipimo vyote, na yeye hana tena fedha za maabara. Siku ya mtihani wangu imefutwa.

Nitakuja arobaini. Kama utakubali, nitasimama mbele ya watu niwaambie. Kama hutaki nisimame, nitakaa.

Rashida


Abuku, 30 Juni 2024

Rashida,

Salaam. Mvua imeanza vizuri. Karanga alizopanda Kiden zimeota, dada zake wamekuja kuzipalilia. Prossy hana tatizo. Maji yale yeye alikuwa anafulia tu, alisema hakupenda ladha ya kitu cha chupa. Obeti ameacha kazi ya Vurra, amerudi nyumbani. Anapika vibaya.

Tangu uondoke baada ya arobaini sijaandika. Nilitaka kwanza kujua ulisema nini. Niliona tu umesimama, na watu wamegeuka wote. Nimemkalisha Obeti aniandikie maneno yote, yako na ya wengine, bila kupunguza.

Ameandika kwamba ulieleza habari ya jua, na ya mtungi, na ya majibu ya Kampala, mpaka na tarehe. Ameandika kwamba dada mkubwa wa Kiden aliondoka katikati, na hakurudi. Halafu Constantino alisimama. Hilo nililiona, alikuwa amevaa koti. Alisema, "Sasa mumesikia. Iko dawa ya huyu binti ndiyo imeua mama. Nyanya yangu mumeisingizia bure."

Na wewe ulimwambia, "Sumu ilitoka kwenye matangi yako, na hata leo inatoka. Mimi nilijua unga wangu hauwezi kuitoa, nikanyamaza. Kila mtu hapa achukue lake. Langu nimelichukua mbele yenu."

Obeti anasema hapo mtoto mmoja alianza kulia. Kisha Prossy akamuuliza Constantino kama atakunywa kikombe kimoja cha chemchemi, achotewe sasa hivi. Akasema hana kiu.

Kesho yake wanaume walikwenda na mawe na udongo, tukaifunga chemchemi. Baba yangu alikunywa pale. Nilibeba mawe na mimi, hakuna aliyenizuia. Constantino bado analima. Mwenyekiti amemwandikia barua, na wewe unajua barua zinavyokwenda polepole. Maji tunachota shule. Obeti anachota kwa baiskeli.

Hukuniuliza kama nimekusamehe. Umefanya vizuri, maana sijui. Siku nyingine nikiamka nakuona wewe ni mwanangu niliyekubeba mgongoni mpaka kambi ya wakimbizi. Siku nyingine namwona yeye amesimama na kikombe. Na mkono uliokoroga ni wangu. Hilo nalo sijui nilipeleke wapi.

Umesema sura ile umeiacha ndani ya kitabu chako, na kwamba utaanza upya vipimo hata kama itachukua miaka. Anza. Majani nitakutumia, ukitaka. Sitakuuliza tena yanafanya nini.

Lakini iko kitu kimoja. Obeti ameniandikia kwa Kiswahili kurasa za Kiingereza ulizotuachia. Umeandika, "mtumiaji mmoja wa maji, mwanamke wa makamo, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Koboko." Nilimwambia arudie, nikadhani amekosea kuandika. Akarudia vilevile. Umeniambia utaratibu wa chuo hauruhusu majina ya watu, na kwamba utamweka ukurasa wa mbele kabisa, mahali pa kuwashukuru watu.

Usimweke pale. Hakukusaidia kitu, usimshukuru. Alikuwa na kiu.

Nenda kwa huyo mwalimu wako, nenda na kwa wakubwa wake. Waambie mume wake ameruhusu, yuko hai, na atatia sahihi na kidole gumba kwenye karatasi yoyote watakayoleta. Mweke palepale kwenye majibu, katikati ya hesabu zako, mahali ambapo mtu mwingine anayetaka kupika unga huu atapita lazima. Andika kwamba aliitwa Rosa Kiden, wa Abuku, na kwamba alikunywa kwa sababu tulimwambia ni safi.

Swadiki